Bosi akikwambia ‘andika nitasaini’, usikimbilie kompyuta

Kama unapanga kwenda kusoma MBA ng’ambo, kuna siku bosi wako atakwambia sentensi tamu sana: “Wewe andika kitu poa, niletee nisaini.” Utatoka ofisini mwake ukitabasamu, ukidhani umepata baraka. Mimi nakwambia hapo ndipo shida inaanzia. Na nayasema haya kama mtu aliyekula pesa za hiyo sentensi kwa muda mrefu.

Wacha nieleze. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilipata kibarua kwenye saiba moja katikati ya jiji la Nairobi. Kazi rasmi ilikuwa kuprinti, kutoa kopi na kuwajazia watu fomu za KRA na eCitizen. Kazi isiyo rasmi ilikuwa kuandika barua. Shilingi 300 kwa ukurasa. Kuna siku nilikuwa meneja wa benki asubuhi, mkurugenzi wa shirika saa sita mchana, na jioni nikawa mchungaji. Mteja anakuja na jina la bosi na nembo ya kampuni kwenye flashi, anavuta kiti, ananiambia, “Sema mimi ni mchapa kazi.” Na mimi nasema.

Nilikuwa na maneno yangu matano: mchapa kazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, mbunifu, anayeshirikiana vyema na wenzake. Nikiyapanga upya kidogo, barua inakuwa ya mtu mwingine. Usicheke. Huenda wewe pia una moja nyumbani.

Wengi walikuwa wanatafuta kazi, na sijui kama kuna mwajiri aliyewahi kuzisoma barua zile. Lakini wachache walikuwa wanatuma maombi kwa shule za biashara za Marekani na Ulaya. Mmoja wao alikuwa binamu yangu, binti ya shangazi, ambaye amefanya kazi miaka mitano katika idara ya mikopo ya SACCO moja hapa jijini. Huyo ndiye ananifanya niandike haya.

Shule aliyoitaka ilidai barua mbili. Hiyo ndiyo idadi ya kawaida: Harvard wanataka mbili, Stanford mbili, Wharton mbili, INSEAD kule Ufaransa mbili. MIT Sloan wao huomba moja. Binamu alimwendea mkuu wa idara yake, mama mmoja ambaye ofisi nzima humwita Madam, halafu akamwendea bosi wake wa zamani katika kampuni ya bima alikoanzia. Wote wawili, bila kukutana, walimpa jibu lilelile: andika, nitasaini.

Sasa, kama hujawahi kufika huko, elewa kwamba hakuna karatasi inayosainiwa. Unapojaza maombi unaandika jina na baruapepe ya mpendekezaji wako, yule ambaye kwenye CV tunamwita mrejelewa. (Tukiongea tunasema refarii, mpaka mtu anadhani kuna mechi.) Mfumo wa shule unamtumia kiungo yeye mwenyewe. Anakifungua, anajibu maswali, anajaza jedwali la sifa zako, anatuma moja kwa moja. Wewe unaona tu kwamba imefika.

Madam alipopata kiungo alikituma kwa binamu kupitia WhatsApp. “Jaza tu.” Yule wa bima naye akafanya vivyo hivyo siku iliyofuata. Kwa hiyo usiku mmoja, baada ya saiba kufungwa, mimi na binamu tuliketi kwenye mashine namba nne na kuwa mabosi wawili. Jedwali tuliweka alama ya juu kabisa kila mahali, kuanzia uongozi hadi unyenyekevu. Tulipofika swali la kuhusu ushauri mgumu zaidi ambao bosi amewahi kumpa, tulikwama, tukaagiza chipsi, tukarudi. Mwishowe niliandika kwamba Madam alimshauri apunguze kufanya kazi kupita kiasi, naye akapunguza. Tulijiona wajanja sana.

Hakuitwa hata kwa mahojiano.

Siwezi kukwambia ni barua zilizomwangusha, kwa sababu shule hizi hazisemi sababu. Harvard peke yake, miaka ya hivi karibuni, hupata maombi kati ya 8,000 na 10,000 kwa darasa la watu 900 na kitu. Watu wazuri wengi hukosa. Lakini baadaye, nikiwa na muda, nilianza kusoma maelekezo ya shule hizi mstari kwa mstari, kitu ambacho tungefanya kabla ya kuagiza chipsi. Uso ulinipata joto.

Stanford, kwa mfano, wameandika wazi kabisa kwamba ni makosa kwa mwombaji kuandika barua yake mwenyewe au hata kuiandalia rasimu, na ni makosa hata kama aliyekuomba ufanye hivyo ni huyo bosi. Soma tena hapo mwisho. Walijua. Walijua kuna mdosi mahali fulani duniani atasema “andika nitasaini,” wakamfungia mlango kabla hajafika. Kwa hiyo ile ruhusa uliyopewa ofisini haina uzito wowote kule. Na mambo hayaishii siku unayokubaliwa: shule nyingi kubwa hukodisha kampuni za kuhakiki maelezo ya waliofaulu, na kampuni hizo zinaweza kumtafuta mpendekezaji na kumuuliza kama kweli ndiye aliyeandika. Fikiria Madam akipigiwa simu na mtu wa Marekani, aulizwe kuhusu barua ambayo hajawahi kuiona. Nafasi inaweza kufutwa hata ukiwa umeshawaaga watu wa kanisa.

Lakini tuseme hakuna anayekukamata. Bado umejiibia mwenyewe, na hili ndilo nilichelewa kulielewa.

Tazama maswali yenyewe. Shule nyingi hutumia fomu ya pamoja iliyotengenezwa na GMAC, lile baraza linalomiliki mtihani wa GMAT. Swali la kwanza ni fupi: mnajuana vipi na mnafanya kazi gani pamoja. La pili: ukimlinganisha huyu na watu wengine wazuri walio katika nafasi kama yake, yuko wapi? La tatu: eleza ushauri muhimu zaidi wa kumrekebisha uliowahi kumpa, ilikuwaje, na yeye aliupokea vipi. Haya mawili ya mwisho yana nafasi ya hadi maneno 500 kila moja. Harvard nao huuliza mambo hayohayo.

Sasa niambie, wewe utajibuje la pili? Unajijua wewe. Hujui wale wengine tisa ambao Madam amewafundisha kazi tangu aingie SACCO, nani alikuwa hodari kuliko wewe, nani alianza vizuri akalegea. Na la tatu ndiyo balaa kabisa, kwa sababu kosa lako lilivyoonekana kutoka upande wa pili wa meza wewe hulijui. Unachojua ni vile ulivyojisikia siku hiyo.

Ndiyo maana maneno yangu matano ya saiba hayana faida. Mtu anayesoma maombi kutoka asubuhi hadi jioni ameshakutana na mchapa kazi mara elfu. Siku hizi hata mimi nimepoteza kazi hiyo, ChatGPT inaandika bure na haili chipsi. Lakini nayo haijui kilichotokea katika mkutano wa Jumatatu kwenye SACCO yenu. Aliyekuwapo ni bosi.

Kosa la pili ambalo sisi Wakenya tunalipenda ni kutafuta jina kubwa. Najua unamfikiria mheshimiwa. Au askofu, au yule mkurugenzi mkuu mliyepiga picha pamoja kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Tumelelewa hivyo, ukitaka kitu unatafuta barua ya mkubwa, kuanzia ya chifu mpaka ya mbunge. Huku haifanyi kazi hivyo. Stanford wanataka barua moja itoke kwa anayekusimamia moja kwa moja kazini sasa hivi, au aliye karibu na hilo, na ya pili kwa mtu mwingine aliyewahi kusimamia kazi yako. Harvard nao wanapendelea angalau mmoja awe msimamizi wako wa sasa au wa hivi karibuni. Hata lekcha wako wa zamani, ambaye angefaa sana kama ungekuwa unaomba PhD, hapa si chaguo la kwanza. Wanataka kujua unafanya kazi vipi, na hilo linajulikana na aliyekuona ukifanya kazi.

Binamu, kwa kuwa ni mtu wa mikopo, alilielewa hili haraka kuliko mimi. “Ni mdhamini,” aliniambia. Ukienda SACCO kuchukua mkopo, huwezi kuleta jina la tajiri asiyekujua. Unaleta mwanachama mwenzako ambaye yuko tayari hisa zake zifungwe kwa sababu yako. Anayekuandikia barua naye anaweka kitu mezani: jina lake.

Basi mwaka uliofuata alijaribu tena. Safari hii sikuruhusiwa kugusa kibodi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudi kwa Madam, na hapo ndipo moyo unapodunda, kwa sababu kumwambia bosi wa Kikenya “hapana, andika wewe” inasikika kama kumkosea adabu. Binamu alifanya kitu ambacho nakusihi ukiige: lawama zote aliitwika shule. Aliomba dakika ishirini, si kwenye korido wala kwa WhatsApp saa nne usiku. Aliingia na simu ikiwa imefunguliwa kwenye yale maelekezo, akasema, “Madam, mwaka jana nilikosea. Wanakataza kabisa mimi kuandika. Wakijua ni mimi, wananitupa nje.”

Madam alisoma mwenyewe. Akanyamaza kidogo. “Kwani wanataka niseme nini?”

“Wanataka kujua kosa ambalo umewahi kunirekebisha.”

Madam akacheka. “Moja tu?”

Binamu anasema alitamani kutoka. Lakini alikaa, na Madam akaanza kukumbuka. Miaka miwili nyuma, kwenye mkutano wa matawi, karani wa tawi la Kitengela alikuwa anaeleza kwa nini mikopo yao inachelewa. Binamu alimkatiza mara tatu, mara ya mwisho akamalizia sentensi kwa niaba yake. Baada ya mkutano Madam alimwita akamwambia kwamba ana akili nyepesi lakini watu wanaogopa kuongea akiwapo, na idara ambayo watu wanaogopa kuongea siku moja itapoteza pesa. Binamu aliikumbuka siku hiyo vizuri sana. Aliikumbuka kama siku aliyogundua kwamba Madam hampendi. Miaka miwili alikuwa ameibeba hivyo.

“Halafu ukaanza kuwapigia simu watu wa matawi kabla ya kila mkutano,” Madam akaendelea. “Unawasikiliza kwanza. Ulidhani sikuona?”

Aliponisimulia hayo alikuwa analia kidogo, kwa namna ile ya mtu anayejifanya ana mafua. Mimi nilikuwa nakumbuka jibu langu la chipsi: apunguze kufanya kazi kupita kiasi. Tulikuwa na hadithi halisi mita chache kutoka dawati lake, na sote wawili hatukujua ipo.

Kwa hivyo swali hili la tatu usiliogope, na msaidie bosi wako asiliogope. Wengi wao wana roho nzuri, wanadhani kutaja kosa lako ni kukuchoma, ndiyo maana wanaandika yale ya “anajituma mno.” Mwambie waziwazi kwamba una ruhusa ya kusemwa. Msomaji wa barua hatafuti malaika, anataka kuona ukiambiwa ukweli unafanya nini nao. Na lile jedwali la sifa vilevile. Bosi akikuweka juu kabisa kila mahali, msomaji hajui aamini lipi.

Je, wewe unaruhusiwa kufanya nini? Mengi, mradi tu maneno ya barua yasiwe yako. Unaweza kuketi naye, ukamweleza kwa nini unataka MBA na kwa nini sasa. Unaweza kumpa CV. Unaweza kumkumbusha matukio. Binamu alimpelekea Madam ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu, bila sifa hata moja ndani yake, matukio na tarehe na nambari peke yake. Moja lilikuwa la fomu za wadhamini. Zamani fomu zilikuwa zinasafirishwa kwa matatu kutoka matawini hadi makao makuu zikitafuta sahihi, na mwanachama alingoja siku tisa kupata mkopo wa dharura. Binamu ndiye aliyependekeza mdhamini athibitishe kwa simu yake mwenyewe, kwa kubonyeza msimbo, na siku tisa zikawa mbili. Madam alikuwa amesahau kwamba wazo hilo lilianzia kwa nani. Mabosi husahau. Wana watu wengi, na pia, tuseme ukweli, wazo likifaulu huwa linapanda ngazi likibadilisha mwenyewe.

Huyo wa bima, kwa upande mwingine, tulimwacha. Binamu alimuuliza swali ambalo nalipenda: “Unaweza kuniandikia barua yenye nguvu, ama muda umepita sana?” Ukiuliza hivyo unampa mtu mlango wa kutokea. Mkenya hakwambii hapana. Anakwambia “tutaona,” au “nikumbushe wiki ijayo.” Hiyo ndiyo hapana. Usimkumbushe mara nne, tafuta mwingine. Binamu alimpata mjumbe wa kamati ya mikopo ambaye walikuwa wakikutana naye kila mwezi kwa miaka mitatu na ambaye hupinga kila kitu. Aliogopa kumwomba. Yule mzee alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Dada zangu, ngoja niwaambie jambo moja la pembeni. Mwaka 2009 watafiti watatu wa Marekani, Madera, Hebl na Martin, walichapisha utafiti kuhusu barua za mapendekezo za watu wanaoomba kazi za kufundisha vyuo vikuu. Waligundua wanawake walielezwa zaidi kwa maneno ya upole na kujali wengine, wanaume kwa maneno ya kuthubutu na kutenda, na yale maneno ya upole yalikwenda pamoja na kuonekana hufai sana kuajiriwa. Hizo hazikuwa barua za MBA, lakini mimi niliyeandika za kila aina pale saiba najua nilivyokuwa nikifanya. Mwanamume nilimwita kiongozi. Mwanamke nilimwita mwenye moyo wa kusaidia. Hakuna aliyenituma. Kwa hivyo ukiandaa ule ukurasa wa kumbukumbu, jaza vitu ulivyofanya: ulianzisha nini, uliamua nini, ulikataa nini.

Nawasikia mnaouliza, na kama bosi hajui nataka kuondoka? Swali la haki, hasa mji huu ambapo ukitajwa kwamba unaenda, kiti chako kinaanza kupimwa. Shule zinaelewa hilo. Fomu huwa na mahali pa kueleza kwa nini hukumtumia msimamizi wa sasa, na sentensi mbili zinatosha. Unaweza kumtumia bosi aliyehama, kiongozi wa mradi, au mteja mkubwa uliyemhudumia. Na kama wewe ni hasla, una biashara yako na bosi ni wewe, nenda kwa aliyekuwekea mtaji, kwa mteja anayenunua kwako kila mwezi, au kwa msambazaji ambaye umewahi kumwambia ukweli kwamba wiki hii huna pesa, na ukamlipa iliyofuata. Jamaa yako hafai, hata kama ndiye mwekezaji. Mimi hapa sifai kumwandikia binamu yangu, na Mungu anajua nimejaribu.

Kuna kile kisanduku kidogo ambacho watu hubofya bila kusoma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi inampa mwanafunzi haki ya kuona faili lake katika chuo anachosoma. Kwa sababu hiyo fomu inakuuliza kama unaachilia haki ya kuisoma barua hii. Wengi huiachilia, ili aliyeandika aandike bila kuangalia nyuma na aliyesoma aamini. Kwa sisi tuliozoea kubeba barua wenyewe kwenye bahasha ya kaki, tukiifungua njiani kwa mvuke wa chai, hili ni gumu kumeza. Binamu alibofya akiwa amefumba macho.

La mwisho ni kalenda. Shule nyingi za Marekani hupokea maombi kwa awamu: ya kwanza Septemba, ya pili mapema Januari, na nyingine ina ya tatu baadaye. Awamu ya Januari ndiyo mtego wetu. Barua inatakiwa wiki ya kwanza ya mwaka, na bosi wako tangu tarehe 20 Desemba yuko ushago anachinja mbuzi. Tena angalia saa. Harvard hufunga saa sita mchana saa za Boston, ambayo Septemba ni saa moja jioni hapa Nairobi, na Januari, wakishabadilisha saa zao, ni saa mbili usiku. Omba barua Oktoba. Mwambie bosi akague spamu, kwa sababu viungo vya shule hupenda kulala huko. Mkumbushe mara moja katikati na mara moja wiki mbili kabla, kwa heshima, bila zile alama tatu za mshangao.

Binamu aliomba Oktoba. Alikumbusha Novemba. Yule mzee wa kamati alituma yake kabla ya Jamhuri Dei. Ya Madam haikuja. Krismasi ikapita. Mwaka Mpya ukapita. Tarehe 2 Januari alimpigia, simu haikushika. Alinipigia mimi, sauti imekauka, akaniuliza kama bado nina funguo za saiba. Nilijua anachomaanisha, na ile baruapepe ya Madam yenye kiungo alikuwa bado nayo ya kutumiwa tena, maana Madam alikuwa amempa nywila siku moja wakitafuta ripoti. Nilimwambia saiba ilifungwa mwezi wa tisa, wanauza viatu pale sasa. Hiyo ilikuwa kweli. Nilimwambia pia kwamba hata ingekuwa wazi nisingekuja. Alikata simu.

Siku ya mwisho, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, alinipigia tena. Madam alikuwa Vihiga. Alikuwa ametembea na kompyuta yake hadi karibu na tangi la maji la shule ya msingi, mahali pekee ambapo mtandao hushika, akakaa kwenye jiwe na kuimalizia hapo. Alituma, halafu akamtumia binamu ujumbe wa maneno matatu: “Nimetuma. Kulala sasa.”

“Imeingia,” binamu akasema. “Inaonyesha imepokelewa.”

“Ameandika nini?”

“Sijui. Nilibofya kile kisanduku, siwezi kujua.”

Ilikuwa bado saa moja na dakika hamsini kabla dirisha lifungwe. Akaniambia anarudi kwenye insha yake, ana sentensi moja ya kurekebisha, na nisimsaidie.